Hesabu ya Mia

Fundi Mia hakuwa na cheti. Hakuwa na mke, maana wa kwanza alimkimbia na wa pili alimfia. Hakuwa na mtoto wa kumzaa, wala goti la kulia la kutegemewa, wala meno mawili ya mbele, wala rafiki wa umri wake ambaye bado alisikia vizuri. Hakuwa na picha hata moja ya kikundi chake cha sarakasi, kwa sababu mchwa walilimaliza sanduku zima. Na hakuwa na mtu duniani wa kumwambia kwamba amekosea. Wanafunzi wake walikwisha kuwa watu wazima wenye vitambi na mvi, lakini wakimwona barabarani bado walisimama wima, mikono ubavuni.

Alichokuwa nacho ni jina. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha watoto kupinda, kuruka na kusimama juu ya mabega ya wenzao hadi mnara wa watu wanne, na wapenda michezo walisema mtoto aliyetoka mikononi mwake hujui mfupa wake umeanzia wapi. Jina lenyewe alipewa na watoto, kwa siri, na lilitokana na hesabu yake. Mtoto alikaa sakafuni, miguu ameitanua, kifua kimelazwa chini. Mwalimu akamkalia mgongoni, polepole, akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka mia. Mtoto akilia, hesabu ilirudi moja. Akiguna, moja. Hakuwahi kumpiga mtoto hata kofi, na jambo hilo alilisema kwa fahari kila alipopata msikilizaji. Yeye alihesabu tu.

Asubuhi moja alikuja Springi, mwanafunzi wake wa mwisho na, kwa maneno ya Fundi Mia mwenyewe, aliyeiva kuliko wote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Ukiruka leo sakafu italalamika."

"Ndiyo maana nafundisha. Wanaruka wao, mimi napiga makofi."

Walicheka, wakaketi. Springi akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Alitaka kufungua shule ya sarakasi ya watoto wa kuanzia miaka mitano. Ukumbi alikwisha kuupata, na watoto wachache wa majaribio. Kilichobaki ni ofisi ya leseni, ambayo ilitaka barua kutoka kwa mtu aliyemfundisha, ieleze njia yao ya mazoezi na ithibitishe kwamba haijawahi kumlemaza mtoto.

"Kikao chao ni Alhamisi. Barua yako ikifika, basi, kazi imekwisha. Yule dada aliyeanguka nimeshawaeleza, kwamba ile ilikuwa ajali ya maonyesho. Hawana shida nayo." Springi akanyoosha mkono hewani kama anayeandika. "Na juu ya mlango nitaweka jina lako, Mwalimu. Herufi ndefu kama hivi. Hata mpita njia asiyejua kusoma atauliza ni la nani."

Fundi Mia alikohoa ili asitabasamu. Kuandika alijifunza ukubwani, darasa la jioni, amebanwa kwenye dawati la mtoto, na mwandiko wake ulikuwa wa kuonewa wivu. Springi alipoondoka, alifuta meza, akaandika anwani, tarehe, salamu. Kisha: *Katika miaka thelathini na mmoja, njia hii haija*

Kalamu ikasimama.

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akihesabu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya ujanani, kabla meno ya mbele hayajang'oka. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Haikuwa na haraka wala hasira. Alikuwa amezoea kuisikia siku za mvua, matone yakigonga bati, na siku hizo alijifunika blanketi. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na alipofungua mlango aone kuna nani, aliikuta kwenye bomba la uani linalovuja. Alilikaza bomba. Hesabu ikaendelea.

Alijua ni ya nani. Ilikuwa ya Unyoya, binti wa miaka minane, mwepesi kuliko wote waliowahi kupandishwa juu ya mnara. Siku moja akiwa amemkalia, kiganja kimetulia kwenye uti wa mgongo wake, alisikia kitu kikisema tik, kama kifungo cha shati kinachoachia. Katika kazi yao hilo waliliita kufunguka. Mwili ukifunguka, walimu walisema, kuanzia hapo mtoto anakunjika kama nguo. Alimnong'oneza, "Umefunguka," akaendelea hadi mia, akamsifu mbele ya wenzake. Siku mbili baadaye, Unyoya akiwa juu kabisa ya mnara, miguu yake iliishiwa nguvu mbele ya watazamaji. Tangu hapo hakutembea tena bila magongo. Watu walisema ni kuanguka kulikomvunja. Fundi Mia alisema hivyo kuliko wote. Na moyoni aliongeza kwamba hata kama, kwa bahati mbaya, ile tik ilikuwa na neno, basi ilikuja mwishoni, tisini na kitu. Kwa namba chache zilizobaki angefanya nini?

Kesho yake alikwenda ukumbini, ili aandike alichokiona kwa macho. Springi alikuwa amemkalia binti mdogo mwenye nywele fupi. "Sitini na moja," alisema, akampungia mwalimu wake mkono. Binti hakutoa sauti. Alikikodolea macho kichwa cha msumari kwenye ubao wa sakafu, na vidole vyake vilikuwa vimeingia ndani kabisa ya mshono wa mkeka.

"Ana siku tisa tu hapa," Springi alisema walipofika mia, "na hajalia hata mara moja. Huyu ni wako kabisa, Mwalimu."

Fundi Mia aliinama kwa shida ya goti. "Inauma?"

Binti alimtazama kwanza Springi. "Hapana, babu."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Unyoya, ambaye hakuwa amemtembelea tangu alipotoka hospitali.

Unyoya alishona sare za shule katika chumba chenye mlango mmoja. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Magongo yalisimama pembeni, yamefungwa vitambaa vya masalio mahali pa kwapa. Alimtambua kabla hajapiga hodi.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu ukae. Usinikalie mimi tu."

Alicheka peke yake. Fundi Mia alikaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini.

"Nimekuja kukuuliza jambo."

"Umechelewa miaka arobaini, lakini uliza."

"Siku ile. Kabla ya mnara. Ulipofunguka."

Unyoya alikata uzi kwa meno. "Arobaini na tatu."

Fundi Mia hakuwa amefika kwenye swali lenyewe.

"Una hakika?"

"Ulisema arobaini na tatu, kitu kikakatika, miguu ikawa baridi kama imetumbukizwa kwenye ndoo. Ukaniambia nimefunguka, nikafurahi. Kisha ukasema arobaini na nne."

"Kwa nini hukulia?"

Alimtazama kama anavyomtazama mteja asiyejua kipimo cha kiuno chake mwenyewe. "Si ungeanza moja?"

Nje mtu alipita akisukuma toroli. Lilipokwisha kupita, Fundi Mia alisikia kwamba chumba kizima kilikuwa kikihesabu, na safari hii alijua kilipofika. Arobaini na nne, arobaini na tano. Hamsini na saba zilizobaki, moja moja, na mtoto amekwisha kuvunjika chini yake.

"Zile siku mbili," alisema, "miguu..."

"Nilikuwa siisikii vizuri. Nikadhani ndiko kufunguka kwenyewe. Ningemlalamikia nani, na wewe uliniambia ni jambo jema?" Alichukua sare nyingine, akaanza kuipima pindo. "Sikudai kitu, Mwalimu. Ila acheni kusema nilivunjikia kule juu. Mimi nilivunjika nikiwa nimelala sakafuni."

Jumanne Springi alikuja kuchukua barua. Fundi Mia hakumpa. Alimsomea kwa sauti, tangu anwani hadi sahihi: njia ilivyo, Unyoya, namba arobaini na tatu, binti wa msumari, na ombi kwamba watoto wasikabidhiwe kwa njia hii, hata ikiwa na jina lake mlangoni.

Springi aliukunja mfuko wa plastiki aliokuja nao.

"Umenimaliza," alisema. "Mimi nilikaliwa mara ngapi? Niko mzima. Bila wewe ningekuwa mzururaji wa sokoni, unajua hilo."

"Najua. Nimeliandika pia, ukurasa wa pili."

"Basi nitaacha kuwakalia. Nakuapia. Andika ile nyingine."

"Na mtoto akiumia, utajuaje?"

"Atasema."

"Nani amemfundisha kusema?"

Springi alisukuma kiti nyuma. Akasimama, akachukua mfuko wake wa plastiki. "Nilidhani wewe ni baba yangu," alisema, akatoka bila kuaga.

Fundi Mia alibaki mezani. Maneno hayo yalimkaa mwilini kuliko alivyotarajia, na kwa kitambo aliitazama barua kama mtu anayetazama maji ya kina. Angeweza kuichana. Springi alikuwa bado hajafika kona, na angeitikia akiitwa. Kisha nyuma ya ukuta ile sauti ikaanza tena, moja, mbili, bila haraka.

Akakunja karatasi mara tatu, akazitia kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa ya zamani na haikushika, kwa hiyo alikwenda kwa fundi viatu wa jirani, aliyeipaka ya kwake, nyeusi, yenye kunuka, wakaikandamiza chini ya nyundo hadi ikakauka.

Posta palikuwa na watu wawili tu.

"Ya kawaida au ya haraka, mzee?" karani aliuliza.

"Ya haraka. Kikao chao ni keshokutwa."

Karani akaipima, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia pamoja na nyingine, na mtu wa gari akaja akalifunga gunia, akalibeba.