Tanga la Kifaru

Kifaru alifungua mlango wa karakana kwa teke. Mlango ukapiga ukuta, na vibonge vitatu vya uzi vikaporomoka kutoka rafuni.

"Shemeji! Nasikia unanikatia tanga la mtoto."

Sindano alikuwa amepiga magoti katikati ya sakafu ya mbao, chaki mkononi, soksi miguuni. "Vua viatu," alisema bila kuinua kichwa. "Hiki ni kitambaa cha tanga, si zulia la kwenu."

Watu wa gatini walimwita Sindano kwa kazi yake ya kushona matanga, na zaidi kwa ulimi wake. Kifaru alikuwa mume wa dada yake mkubwa. Mwezi ujao mtu na mkewe wangehamia kwenye mashua yao, waishi humo mwaka mzima wakitembea bandari hadi bandari, wao wawili tu. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa tanga la mbele.

"Hili linaupita mlingoti kuelekea nyuma kwa hatua moja," Sindano alisema, akionyesha mstari wa chaki. "Linawatosha."

"Nataka linaloupita kwa nusu nzima ya upana wake! Lilambe ubavu hadi nilipokaa na usukani. Upepo ukiwa mwepesi tutaenda kwa nini, kwa sala?"

"Na ukiwa mzito?"

"Naliviringisha nusu kwenye waya wake wa mbele. Navuta kamba moja, kazi imekwisha."

"Tanga kubwa ukiliviringisha nusu si tanga tena, ni tumbo. Linavimba na kuilaza mashua ubavu. Halafu wewe ukiwa umelala, kamba anavuta nani?"

Wote wawili walimtazama dada, aliyekuwa amemfuata mumewe akasimama mlangoni, mkono wa kulia ameuficha mfukoni. Kifundo cha mkono huo kilivunjika zamani kikaunga vibaya. Hata kifuniko cha chupa alimpa mtu amfungulie.

Kwenye boriti ya karakana ilining'inia mizani ya ndoana, na kipande cha kamba chini yake. Sindano aliirithi kwa baba yake pamoja na desturi yake: kila atakayesafiri na mashua huvuta kamba hiyo, na tanga hukatwa kwa kipimo cha mkono ulio dhaifu kuliko yote.

"Dada, njoo uvute."

Kifaru akaja juu kama moto wa kifuu. "Mke wangu si gunia la viazi!" Akaikwanyua mizani pamoja na msumari wake, akaitupa. Kioo cha dirisha kikamwagika sakafuni. Sindano alisimama akamzaba kofi. Kifaru akamkunja ukosi, akamsukumiza kwenye meza, meza ikapinduka, na mkasi mkubwa ukaanguka ukajichoma kwenye ubao, upana wa kidole tu kutoka unyayo wa Sindano.

"Mwachie!" dada alipiga kelele. "Mwachie, au nakwenda kwa mama sasa hivi na mashua uioe wewe!"

Kifaru alimwachia. Alikuwa anahema, uso umemshuka. "Kama hutaki, yupo mwingine atakayenishonea," akasema, akatoka.

Neno hilo ndilo lililomshinda Sindano. Huyo mwingine alishona kwa uzi wa mifuko.

"Mshonee tu, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Unamjua haambiliki."

Akashona. Na kwa kuwa aliogopa, alifanya jambo ambalo baba yake alilikataza. Mzee alikuwa akiacha mshono mmoja dhaifu katika kila tanga, ili siku mbaya kitambaa kichanike kabla mlingoti haujavunjika. Sindano alipiga kila mshono mistari mitatu. Ukingo akauzungushia utepe mara mbili. Kwenye pembe inayofungwa kamba akaweka pete ya chuma nene kama kidole gumba. Lisichanike, alijiambia. Dada asije akabaki baharini bila tanga.

Siku ya kulijaribu walitoka watatu. Asubuhi upepo ulikuwa mtamu, mashua ikateleza, Kifaru akaimba kwa sauti mbaya.

"Unaona, shemeji? Tanga la mtoto, eti!"

"Imba tu. Bado hatujarudi."

Kabla ya adhuhuri maji upande wa upepo yakageuka meusi. Kifaru alivuta kamba ya kuviringishia, tanga likajikunja nusu, na ile nusu iliyobaki ikavimba kama shavu la mtu mwenye jipu. Pigo la kwanza la upepo likailaza mashua hadi maji yakaingia walipokaa. Pigo la pili likakata kamba ya kuviringishia, na tanga lote likafunguka kwa mlio wa bunduki.

Dada alikuwa ameshika kamba ya tanga, iliyozungushwa kwenye gurudumu la chuma la kukazia. Kifundo kile kikamsaliti. Kamba ilikimbia, ikauvuta mkono wake, ikavibana vidole viwili kati yake na chuma. Akalia mlio ambao Sindano hakuwahi kuusikia kwa mtu.

Kifaru aliuacha usukani akamrukia mkewe. Mashua isiyo na mshika usukani ikageuka kuukabili upepo, na tanga likaanza kupiga huku na huku. Ile pete ya chuma ikaja ikizunguka. Ikampata Kifaru mdomoni. Alianguka chali, damu na meno kifuani.

Sindano alichomoa kisu. Alikata kamba ya tanga kwa mapigo mawili, vidole vya dada vikafunguka, vimepondeka, mfupa mweupe unachungulia. Lakini sasa tanga lilikuwa huru, na kila lilipopiga, mlingoti ulitetemeka kutoka juu hadi sakafuni. Waya wa ubavuni unaoushikilia mlingoti ulilia. Wa pili ukakatika.

Chanika, alisema. Chanika, mwanaharamu wee!

Halikuchanika. Lilishonwa na mtu anayeijua kazi yake.

Alitambaa hadi mbele, kitambaa kikimcharaza mgongoni kama fimbo, akakitumbukiza kisu ndani ya tanga. Mpasuko ukakimbia juu, ukafika kwenye mshono, ukasimama. Mistari mitatu. Akaukeketa mshono huo, akafika kwenye mwingine. Mistari mitatu. Pete ikampiga bega, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Alikata kwa mkono mmoja, akilia, akijitukana, mshono kwa mshono, hadi tumbo lote likawa matambara na upepo ukapita katikati yake. Mlingoti ukanyamaza.

Nyuma yake dada aliwasha injini ndogo ya mashua kwa mkono wa kushoto.

Siku kumi baadaye mlango wa karakana uligongwa. Kugongwa, si kupigwa teke. Kifaru aliingia akiwa ameshavua viatu. Dada alikuwa nyuma yake, mkono wa kulia kwenye plasta.

"Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Sindano alisema. "Wewe umetoa meno."

"Guu ningelificha kwenye suruali," Kifaru alijibu, maneno yakimvuja kwenye pengo. Hakucheka. "Shemeji, nilikukunja ukosi. Katika nyumba ya baba yako."

"Nami nilishona kwa hofu. Kama isingekuwa mistari yangu mitatu, ungekuwa unakula mahindi."

Mizani ilikuwa kwenye kona, kioo chake kina ufa. Kifaru aliiokota, akapanda kigoda, akapigilia msumari mpya kwenye boriti. Alipomaliza akarudi nyuma, akamwachia mkewe nafasi.

Dada alishika kamba kwa mkono wa kushoto. Alivuta, mishipa ikamtoka shingoni, mshale ukapanda, ukasita.

"Kilo kumi na moja," akasema. "Kidogo, eh?"

"Ndiyo kipimo cha mashua," Kifaru akasema. "Andika."

Sindano alitandaza matambara ya tanga kubwa, akachora juu yake mstari unaoupita mlingoti kwa kiganja tu. Walishona watatu, Kifaru akishikilia kitambaa, akichomwa sindano na kutukana. Jioni dada alipitisha kidole kwenye mishono, akafika kwenye mmoja wa chini.

"Hapa umepiga mstari mmoja tu. Umesahau."

"Sijasahau," Sindano alisema, akakata uzi kwa meno.