Folda ya Baba Haifunguki

Saa nane mchana, folda ya baba yake ilikatika kwenye kompyuta ya Kalamu. Jina hilo alipewa na mzee mwenyewe, kwa vile tangu utotoni binti huyu alikuwa haachi kuandika. Mzee, mpima ardhi mstaafu, aliishi chumba cha uani. Kila siku alipitisha kurasa za madaftari yake ya zamani kwenye skana, akaziweka katika folda waliyoitumia pamoja. Kalamu, akiwa sebuleni, alizifungua na kuzichapa. Siku hiyo alama nyekundu ilitokea ghafla, na alipobofya akaambiwa njia ya mtandao haipatikani.

Hakushtuka. Folda ilikuwa na tabia ya kukatika. Ndiyo maana mwezi uliopita alivuta waya mrefu wa mtandao mpaka chumbani kwa mzee. Angeweza kwenda kuangalia, ni hatua ishirini tu. Lakini asubuhi walikwaruzana. Mzee alimwambia amechoka kuchunguliwa kila saa kama mtoto mchanga, na binti akaapa moyoni kwamba hatakanyaga huko mpaka aitwe.

Basi akahangaika na mashine. Akaizima, akaiwasha. Akaiondoa folda na kuiunganisha upya. Badala ya jina la kompyuta ya mzee, akaandika namba zake za mtandao. Kimya. Siku nyingine, hata folda ikigoma, kompyuta ile iliitika ikiitwa kwa namba. Leo ilikuwa kama haipo duniani. Hapo ndipo alipochukua simu.

Akampigia mdogo wake, fundi wa mitandao, akamweleza yote, hata ugomvi. Yule akamtania kwamba pengine mashine nayo imemnunia. Kisha akamtaka aangalie taa za ruta, kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani. Taa ya kwanza ilimetameta, ya pili pia. Ya tatu, ya waya wa uani, ilikuwa imezimika.

Mdogo wake akaacha utani.

"Dada, hiyo si shida ya folda. Ama waya umechomoka, ama kompyuta imezimwa. Baba huwa anaizima mchana?"

"Hajawahi."

"Achana na mashine. Nenda."

Alitoka mbio, miguu mitupu, simu mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Akagonga, akaita. Akazunguka dirishani, akabandika uso kwenye kioo. Meza ilikuwa imesogea. Chini yake aliona kisigino kimezungukwa na waya, ule ule alioutandaza mwenyewe katikati ya sakafu kwa kukosa misumari ya kuubana ukutani.

Alivunja kioo kwa tofali. Baadaye hakukumbuka aliingiaje. Baba yake alikuwa amelala ubavu, uso umempauka, mkono wa baridi. Kwa muda ulioonekana kama mwaka mzima, Kalamu hakuona kifua kikipanda. Kisha mzee akafumbua macho. Mdogo wake, aliyekuwa bado hewani, ndiye aliyeita gari la wagonjwa.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Kesho yake, wakati wa upasuaji, ndugu hao wawili walikaa kwenye benchi la korido ya hospitali, wakiinuka kila mlango ulipofunguka. Jioni daktari akasema mzee ametoka salama, ila kutembea kutachukua miezi.

Siku ya tatu mzee akauliza alilala pale chini muda gani. Kalamu angeweza kudanganya.

"Dakika arobaini, Baba. Nilikuwa nahangaika na folda."

Mzee akatazama dari.

"Nilikuita," akasema. "Nilikuita mpaka sauti ikaisha."

Binti akabaki ameshika ukingo wa kitanda, akisubiri kuambiwa atoke. Mzee akapapasa juu ya shuka mpaka akaupata mkono wa binti, akaung'ang'ania kwa nguvu, na alipopitiwa na usingizi alikuwa bado hajauachia.