Nyangumi wa Mjomba Bárður

Chusa la kwanza lilimpata nyangumi mgongoni, mbali na moyo, na bomu lililo nchani mwake halikulipuka. Nikabonyeza saa yangu. Serikali ilinipandisha kwenye meli ya mjomba Bárður kwa kazi hii: mimi daktari wa mifugo nipime nyangumi anachukua muda gani kufa, na nirekodi video.

Alizama, akaibuka, akapumua. Mvuke ulitoka mwekundu. Chusa la pili likamkosa. Mjomba alikuwa anatafuna mkate. Chusa la tatu lilipommaliza, ilikuwa imepita saa moja na dakika hamsini na mbili.

"Andika dakika kumi," mjomba akasema.

"Siandiki uongo."

"Steinvör, ni mimi niliyekufundisha kuogelea. Usinipande kichwani."

Nchi kavu, wachunaji walipompasua tumbo, akateleza nje mtoto, karibu mita tatu, ngozi laini. Wanaume wakashusha visu. Msimamizi akafoka, "Mnashangaa nini? Tupeni kule!" Nikampima huku machozi ya hasira yakinitiririka.

Nilipeleka ripoti na video serikalini. Jibu likaja mistari miwili: hakuna sheria iliyovunjwa, asante kwa juhudi zako.

Jumapili tulikuwa kwa mama yangu, Hallbera, dada yake Bárður. Mezani kondoo wa kuoka na viazi. Nikawasha televisheni, nikaweka ile video.

"Zima hiyo, watu wanakula," mjomba akasema.

"Siku ile si ulikuwa unakula ukimtazama? Endelea tu."

"Wazee wetu waliishi kwa nyangumi, we mtoto!"

"Wazee walikuwa na njaa! Wewe una njaa gani? Nyama yako ya mwaka juzi bado imeganda kwenye majokofu ng'ambo. Humu ndani nani ameionja mwaka huu? Haya, nyoosheni mikono!"

Hakuna aliyenyoosha.

"Usiponiua mimi, wataua wengine," akanung'unika, kisha akashtuka kwa alivyojikwaa ulimi; alitaka kusema "Nisipoua mimi." Hakuna aliyecheka.

Mama alitazama mpaka mwisho, pale mtoto alipotoka tumboni, chakula kikipoa. Kisha akauliza, "Alikuwa na mimba?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto alikuwa hai wakati wote huo?"

"Kwa muda, ndiyo."

Mama akainuka, akachukua koti la kaka yake msumarini, akamtupia kifuani.

"Nenda kwako, Bárður."

"Hallbera, unanifukuza kwa sababu ya samaki?"

"Samaki hanyonyeshi, mjinga wewe. Toka."

Akatoka, bila hata kufunga mlango.

Juni iliyofuata meli ilitoka tena, na mkaguzi mwingine ndani. Mimi mkataba wangu haukuongezwa, wala hawakuniambia sababu. Nilikwenda gatini, nikamwita mjomba kwa jina, nikamtukana mbele ya mabaharia wake mpaka sauti ikakauka. Alinitazama kidogo kutoka kwenye chumba cha usukani, kisha akafunga dirisha.