Nani Kashika Laini ya Iringa

Chiku binti Makame alikuwa opereta wa simu katika ofisi ya shirika moja la pareto mjini Mbeya, na kwa miaka minne hakuwahi kushindwa kujua nani anaongea na nani. Swichibodi yake ilikuwa na matundu manane ya vyumba vya ofisi, na tundu moja la laini ya shirika iendayo tawi la Iringa. Juu ya tundu hilo palikuwa na taa nyekundu. Laini ikishikwa, taa inawaka, ikiachwa, inazimika. Hapakuwa na cha kukuna kichwa.

Lakini Juni ile ya mwaka 1976, baridi ikiwauma watu mpaka wanaingia ofisini na mablanketi mabegani, taa ya Iringa ilianza kuwaka yenyewe. Ikigonga saa tatu asubuhi, pa! Haizimiki mpaka saa tano. Na Chiku hajamuunganisha mtu.

"Chiku, nipe Iringa," meneja, Ndugu Eliezeri, aliita kila asubuhi kutoka chumbani kwake. "Namtaka Ndugu Edmund."

"Laini ina watu, Ndugu Meneja."

"Watu gani?"

"Ndiyo sijui."

"Wewe ndiye opereta! Usipojua wewe, ajue nani? Mpika chai?"

Na ikifika saa tano, Ndugu Edmund, mkuu wa tawi la Iringa, huwa keshatoka kwenda kuwaona wakulima, harudi mpaka jioni. Zikapita siku kumi na tisa hivyo hivyo. Lile neno la mpika chai likamkaa Chiku rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Siku ya ishirini taa ilipowaka, aliamua liwalo na liwe. Alipigia vyumba vyote vinane akawaamuru waweke chini mikono ya simu, hata mhasibu aliyekuwa anamsimulia mkewe ndoto. Kisha akachomoa nyaya zote, moja baada ya moja, swichibodi ikabaki kapa. Taa ikaendelea kumkodolea macho.

"Ahaa," alisema peke yake. "Basi hukupita kwangu, mwanaharamu."

Kusikiliza mazungumzo ya watu kulikatazwa na kanuni, tena kwa maandishi ukutani. Chiku aliyapa maandishi kisogo, akachomeka waya wake kwenye tundu la Iringa. Sauti nzito ikasema: "...nimekula kumi na moja. Nyumba yako imebaki tupu, mzee." Ya mbali ikajibu: "Kula tu. Kesho na mimi nakula zako."

Alimkuta meneja anapasha mikono kwenye birika, akamweleza neno kwa neno.

"Kumi na moja!" Ndugu Eliezeri aliruka. "Magunia! Wanakula pareto yetu, na wanapanga kwa simu yetu! Muite Antoni!"

Antoni, mgambo wa lindo, alikuja na rungu lake huku anafunga vifungo vya koti. Chiku akawatangulia nje kwenda kutazama waya ulipotokea ukutani. Ilipasa uwe mmoja. Wa pili ulikuwa umeunganishwa kiunoni mwa ule wa kwanza, ukapanda paa, ukashuka upande wa jiko la chai. Hapo juu yake ziliangikwa sweta mbili na kitambaa cha kufutia vikombe.

"Huo?" alisema Benedicta, mpika chai. "Huo ni kamba yangu ya kuanikia. Niliukuta hapa tangu nimeajiriwa. Unaelekea kule ghala la zamani."

Wakaufuata kimyakimya, meneja akinyata kwa ncha za viatu. Ghala lile lilikuwa ofisi enzi za wazungu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya gunia, alikaa Seni, mtunza ghala, mtu mzima aliyehamia na ng'ombe za kwao kutoka Usukumani hadi Usangu kabla hajapata kazi mjini. Alikuwa amewapa mgongo. Simu kuukuu ya ukutani ilikuwa mbele yake, na mkono wa simu ameufunga sikioni kwa kipande cha khanga, kama mtu anayeumwa jino. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya bao.

Meneja aliinua kidole: asikike mwenyewe, tumkamate na ushahidi.

"Mzee Edmund," Seni alisema simuni, "hesabu na wewe kwenye bao lako. Naanzia shimo la tatu."

Chiku alikuwa binti wa Makame, na Makame, mzee wa pwani, alikuwa hali chakula mpaka amfunge mtu kwenye bao. Macho ya Chiku yalikwenda yenyewe kwenye lile shimo la tatu, akahesabu, na mdomo ukamtoka kabla ya akili.

"Usianzie hapo, utalala! Anza na la tano!"

"Kweli kabisa, dada," Seni alisema bila kugeuka. Akachota la tano, akazungusha, akala kete tisa. Ndipo akajiuliza ni dada gani, akageuka, na kete zikamwagika sakafuni.

Ndugu Eliezeri alimfungua khanga akajiwekea simu sikioni. "Ndugu Edmund! Nimekutafuta siku ishirini!"

"Nani huyo?" sauti ilikereka. "Mwachie Seni simu, tunamaliza."

"Ni meneja wako wa Mbeya!"

Laini ikakoroma kidogo. "Kamwene, Ndugu Meneja! Hata mimi nakutafuta sana. Tatizo, laini ya huko kila siku ina watu."

Antoni alitoka nje akacheke huko. Jambo lenyewe meneja alilomtafutia Edmund lilichukua dakika moja: je, majembe yalifika? Yalifika tangu Mei.

Waya ukakatwa siku hiyo hiyo. Seni na Edmund walipewa barua za onyo, na Chiku akapewa yake kwa kusikiliza simu. Aliisoma mara mbili akaifunikia sufuria. Mchezo ukahamia kwa Isakwisa, dereva wa lori, aliyebeba vikaratasi kati ya Mbeya na Iringa kila Jumanne, zamu moja kwa wiki. Kufikia Septemba Edmund aliandika akilalamika kwamba Seni siku hizi anacheza kama mtu wa pwani. Seni alimpelekea Chiku kikaratasi hicho pale swichibodi, wakakisoma pamoja, kisha Chiku akamwambia aanze na shimo la pili.