Kadi ya Mitsuyo

Katika mji mzima hakuna aliyejua kupanga wachezaji wa shogi, ule mchezo wa ubao unaofanana na sataranji, kama Bibi Tokie. Miaka kumi na moja alikaa kwenye ile meza ya mashindano ya vuli, na hakukosea hata mara moja. Haya, mara moja. Alimpanga mzee Oizumi acheze na Oizumi, na mzee akakaa peke yake mbele ya ubao nusu saa nzima, akilalamika kwamba watu wa siku hizi hawafiki kwa wakati.

Kazi yenyewe si ngumu ukiwa na macho. Kila mchezaji ana kadi yake. Ukishinda, unaleta mezani kadi yako na ya uliyemshinda. Bibi Tokie anachora duara kwa mshindi na doa jeusi kwa aliyeshindwa, halafu anakutafutia mtu mwenye maduara na madoa sawa na yako. Ushindi mara mbili, umevuka kwenda mtoano. Ukipigwa mara mbili, nenda nje ukanywe mchuzi wa magimbi na wenzako.

Na asubuhi, mtu akija kujiandikisha, lazima aulizwe swali moja.

"Huwa unacheza na nani mara kwa mara?" Bibi Tokie alimuuliza mama mmoja aliyevaa sweta la rangi ya zambarau. "Tusije tukakupanga naye mwanzoni. Watu hawatoki nyumbani kuja kucheza na jirani."

"Na Mwalimu Kyuzo," alijibu yule mama, akitabasamu. "Kila Jumanne. Yeye ndiye aliyenifundisha, hata kushika kete nilikuwa sijui. Ana subira yule mzee, ajabu!"

Kalamu ya Bibi Tokie ilisimama. Kyuzo alikuwa mume wake. Jumanne Kyuzo huenda kwenye chemchemi ya maji ya moto kwa ajili ya mgongo, ndivyo alivyoaga kila wiki mwaka mzima. Na kuhusu subira: tangu waoane, miaka arobaini na miwili, kila alipomwomba amfundishe shogi, jibu lilikuwa lilelile. Sina subira ya kufundisha, Tokie, tutagombana bure.

"Jina lako, mama?"

"Mitsuyo Ashino."

Akaliandika. Aliliandika vizuri mno, kila mstari umenyooka, kama mtu anayeandika jina la marehemu.

Mitsuyo alishinda mchezo wa kwanza haraka. Akaleta kadi mbili, akainama, akaenda kusubiri. Kumbe hapo ndipo mambo yalipoanza. Palikuwa na watu wanne wenye duara moja, wote wapole, wa kupigwa hata na mtoto. Bibi Tokie akawapanga wao kwa wao, na kadi ya Mitsuyo akaisukuma chini ya bahasha. Alikuwa anamsubiri Bwana Sagae amalize mchezo wake. Bwana Sagae aliwahi kuwa bingwa wa mkoa mara tatu. Mgane mwenye mvi nzuri na mikono mikubwa, akikushika shingo ubaoni hakuachii.

"Bado hajapatikana mtu wangu?" Mitsuyo alikuja kuuliza.

"Kadi haina haraka, mama. Kunywa chai."

Dakika arobaini. Sagae alipoleta kadi yake, Bibi Tokie alizichanganya kadi mbili hizo, moja juu ya nyingine, akainua sauti kama mtu anayeshangaa: "Bwana Sagae! Na Bibi Ashino!"

Akanyanyua sinia, akaenda kukusanya vikombe karibu na ubao wao. Mitsuyo alikaa vilevile anavyokaa Kyuzo, goti moja limeinuka kidogo. Aligonga kete ubaoni kwa kidole kilekile cha kati, na akiwa matatani aliguna "hmm-hmm" ileile ambayo Bibi Tokie aliidhani ni ya nyumbani kwake tu. Moyo ulimwasha kama aliyemeza chai ya moto bila kupuliza.

Sagae alikuwa anashinda. Kisha akanyoosha mkono, akashusha kete ya askari mahali ambapo mstari uleule ulikuwa tayari na askari wake mwingine. Askari wawili mstari mmoja! Hilo halina rufaa, mchezo umekwisha papo hapo.

"Aa!" Sagae alijipiga paji la uso. "Uzee huu!"

Mitsuyo amevuka. Bibi Tokie alirudi mezani akakalia kiti kana kwamba kina makosa.

Basi alibaki Kyuzo, ambaye naye alikuwa anacheza siku hiyo, duara moja na doa moja. Sagae naye sasa duara moja na doa moja. Unaona? Kadi zilikuwa zinaitana. Kama Mitsuyo amevuka mlango huu, basi Kyuzo asivuke naye. Haiwezekani wakakutane juu jukwaani, wanapigwa picha ya gazeti la mji, wanatazamana.

Kyuzo alipigwa katika dakika ishirini na tano. Bibi Tokie alichora doa la pili taratibu, akamngojea aje kukaa karibu naye mezani, ale matonge ya wali aliyomfungia.

Kyuzo alichukua mto wa kukalia, akaupeleka kando ya ubao wa Mitsuyo, akakaa kumtazama.

Bibi Tokie alivumilia mpaka Mitsuyo alipotolewa robo fainali na mwalimu wa shule. Kyuzo alipokuja hatimaye, hakumpa hata chai.

"Mgongo unaendeleaje?" akamuuliza. "Maji ya Jumanne yanausaidia?"

Kyuzo akakohoa. "Amekwambia."

"Mwalimu mwenye subira!"

"Tokie, yule ni mgeni tu, ana bidii, na wewe ni mke wangu, ningekufokea... Na wewe kwa nini ulinipa Sagae?"

"Kadi zimechanganywa. Mimi nitajua nini? Hata shogi yenyewe sijui, nani alinifundisha?"

"Sawa. Ningemzuia Sagae, alinishinda kwa bahati tu."

"Bahati!" Bibi Tokie alipiga meza. "Kete ya dhahabu uliiondoa ubavuni kwa mfalme kwa tamaa ya kula farasi! Ungeshusha askari mmoja mbele ya gari lake, ungekuwa hai mpaka sasa!"

Kyuzo alimtazama kama mtu aliyesikia paka akisoma gazeti.

"Umesema hujui."

"Nasoma... kwenye gazeti. Nikifungia figili."

Hapo Bwana Sagae akapita na bakuli lake la mchuzi, mdomo unang'aa mafuta. "Bibi Tokie! Leo umeniona nilivyojiaibisha, usiwaambie wengine. Alhamisi ileile, basi? Safari hii njoo na ubao wako, wangu umepasuka."

Akaenda zake. Kyuzo alivuta kiti, akakaa polepole.

"Alhamisi si ndiyo siku yako ya kwenda kujifunza kupanga maua hekaluni?"

Bibi Tokie akazikusanya kadi, akaanza kuzichanganya, ingawa hapakubaki mtu wa kupangwa. "Ndiyo. Maua. Tunapanga kwanza, halafu..."

"Miaka miwili, Tokie," Kyuzo akasema, "na nyumbani sijaona hata ua moja."