Mayungiyungi ya Zamu Yetu

Bikira Maria alifika kwetu Ipuli Jumamosi, mwezi wa Rozari, akiwa na makopo tisa ya maua. Katika jumuiya yetu sanamu hukaa wiki moja kwa kila nyumba, na kila nyumba huongeza kopo moja la mmea. Kopo likishaongezwa halitolewi. Mama alikuwa ameisubiri zamu yake tangu mwaka jana. Alipaka sebule rangi, akaenda hadi Kitete kuazima kitambaa cha meza.

Mimi niliyatazama makopo moja moja. La tatu lilikuwa na mayungiyungi ya bustanini, yaani lili.

Nilisomea mifugo Morogoro. Yapo mambo mengi ninayoweza kubishania, lakini hili halina ubishi: yungiyungi huua figo za paka. Akitafuna jani, akilamba chavua iliyomwangukia manyoyani, hata akinywa maji ya chombo lilimokaa, siku chache tu ameondoka. Na paka wetu Tunu hulala miguuni mwa mama tangu tulipomzika baba.

Baada ya shikamoo nilimweleza Mama Wilbroad, mwenyekiti wa jumuiya, kwa adabu zote, mama akisikia, kwamba yungiyungi hudhuru figo za paka. Yale majani membamba yenye mstari mweupe hayana shida, nikasema, na waridi halina shida. Tatizo ni kopo moja. Akacheka. Paka wa Tabora hula nyoka, alisema, seuze ua. Wenzake wakaniita Daktari wa Paka, na jina likakaa.

Nikalipandisha kopo juu ya kabati. Mama akalishusha, kwa sababu meza ya Bikira haiwezi kuwa na pengo. Nikalitoa barazani. Jirani akalirudisha ndani akidhani tumelisahau, na kabla ya kuondoka akalimwagilia maji. Nikalifunika kwa ndoo; mama akaihitaji ndoo. Jumanne nikabandika karatasi ukutani: PAKA ASIKARIBIE. Mama akaniuliza Tunu alijifunza kusoma lini.

Jumatano mchana nilimkuta Tunu juu ya meza, kati ya makopo, chavua ya njano imemjaa mgongoni. Nilimdaka kabla hajajilamba. Nikamfuta kwa kitambaa chenye maji, nikamfuta tena na tena, naye akanikwaruza mikono yote miwili. Kisha nikakagua majani ya yungiyungi moja moja nikitafuta alama za meno. Sikuona. Leo najua kwamba hakudhurika, lakini siku ile sikujua.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"Kwa nini hukusema atakufa?"

"Nimesema, mama. Tangu Jumamosi."

"Ulisema figo."

Nilikwenda uani nikakaa juu ya ndoo.

Jioni jumuiya ilipomaliza kusali, mama alisimama akaomba sanamu iende nyumba inayofuata siku hiyohiyo. Watu wakatazamana. Mama Wilbroad akamkumbusha kwamba zilibaki siku tatu, na kwamba zamu nyingine ingekuja mwakani, Mungu akipenda.

"Najua," mama alisema. "Kopo moja halitoki, basi yatoke yote."

Akaanza kukunja kitambaa cha kuazima. Nilimsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba sikutaka hivyo, kwamba nilitaka kopo moja tu liondoke, si Bikira, si zamu yake. Hakuniangalia. Alinipa kitambaa nikishike, akabusu miguu ya sanamu, akamkabidhi Mama Wilbroad. Kina mama wakagawana makopo, wimbo ukaanza.

Nilimuuliza Mama Wilbroad nyumba inayofuata ni ya nani.

"Kwa Mama Julieth."

"Ana paka?"

Akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyechoka na wasomi.

"Anaye. Kazaa juzi, vitoto vinne."

Nikaenda kuvaa viatu.