Mwaliko wa Mwenye Nyumba

Mtu akikuambia ana nyumba ughaibuni, unamwona ameukata. Hata Sista watu walimwona hivyo. Miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi kwenye hospitali kubwa ya nchi ile, akigeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka, na jina la Sista likamganda hata mtaani. Mwishowe akanunua nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya nne, dakika kumi kwa miguu kutoka hospitalini. Kisha mama yake mzazi akaugua, akarudi kwao kumuuguza, na kibali chake cha kuishi kule kikafa kimyakimya. Nyumba ikabaki yake. Nchi ndiyo haikumtambua tena.

Alichokuwa hakijui ni kwamba siku moja atakaa kwenye benchi la ubalozi, namba mkononi, akisubiri kuomba ruhusa ya kwenda kwake.

"Unakwenda kufanya nini?" aliuliza karani nyuma ya kioo.

"Kuona nyumba yangu."

"Nani amekualika?"

"Mwanangu, nialikwe kwangu? Hati hii hapa, ina jina langu."

Karani aliitazama hati ile kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. "Hati inasema una nyumba. Haisemi una mwenyeji. Lete barua ya mkazi wa kule aliyekubali kukupokea, iwe na muhuri wa manispaa."

Sista alitoka pale kichwa kinamuwanga. Wauguzi wenzake wa zamani walikuwa wamestaafu na kutawanyika, wengine wameshatangulia. Wakala aliyemsimamia nyumba alikuwa amefunga ofisi mwaka uliopita. Kule alibaki anamjua mkazi mmoja tu, mpangaji wake. Na safari yenyewe aliyokuwa akiihangaikia, jamani, ilikuwa ya kwenda kumtoa mpangaji huyo.

Usije ukamwona mroho. Binti yake wa pekee alikuwa ameharibikiwa na figo zote mbili. Mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila akitoka pale alikuwa amepungua kidogo, mama yake akimtazama huku anatabasamu la uongo. Hospitali ile ile aliyoitumikia Sista ilikubali kumpokea binti kwa upasuaji na matibabu ya mwaka mzima kuanzia mwezi wa tisa. Sharti lao lilikuwa moja: awe na makazi karibu, asibanane na watu, hasa watoto wenye mafua ya shule. Asipokuwa nayo, nafasi inakwenda kwa mgonjwa anayefuata. Na hakuna mtu kule aliyekuwa tayari kumkodishia nyumba asiye na kibali.

Sheria nayo ilikuwa na yake. Mpangaji apewe notisi ya miezi mitatu kamili, na mwenye nyumba anayeishi nje, kama hana wakala, aikabidhi kwa mkono wake mwenyewe na mpangaji asaini mbele yake. Mwezi wa tano ukiisha bila saini, mwezi wa tisa binti hana pa kuweka kichwa. Sista aliiandika notisi mwezi wa tatu, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Kisha akampigia simu mpangaji.

Mpangaji huyo waliitana mama na mwana. Alikuwa fundi cherehani kwenye kiwanda cha kushona sare, ana mke na mabinti pacha, na kwa miaka sita hakupitisha Jumapili bila kumjulia hali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo kabisa. Wajukuu zako wanakusalimia."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini kwao Sista, habari ya kumvunja mtu moyo haitupwi kwenye simu. Unakwenda, unakaa, mnasalimiana, mnakula, ndipo unafungua mdomo. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Halafu kulikuwa na kaka yake mkubwa, ambaye kwenye kikao cha familia alisema bila kupepesa macho: "Ukimwambia sasa, utamkosa yeye na barua." Mimi simlaumu Sista, lakini sitamtetea pia. Adabu ilikuwepo, na woga ulikuwepo, na mwenyewe alichagua kuuona upande mmoja tu.

"Nataka kuja kuwasalimia," alisema, akaeleza na barua inayotakiwa ubalozini.

Upande wa pili Fundi alipiga kelele ya furaha hadi Sista akaiweka simu mbali na sikio. Wiki ya pili barua ilikuwa imefika, na muhuri juu yake. Fundi alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini akapange foleni ya manispaa. Foleni za ubalozi nazo zilikula wiki nyingine nyingi, viza ikatoka mwezi wa tano unayoyoma.

Walimpokea uwanja wa ndege familia nzima, pacha wakigombania nani ashike mkoba wa Bibi. Lifti ilikuwa mbovu, Fundi akabeba sanduku begani ghorofa zote nne akitaniwa na mkewe kwamba leo ndiyo atajua uzee umeingia. Sista alipofika mlangoni alisimama. Nyumba ilikuwa yake, lakini alivua viatu kama mgeni na kungoja aambiwe karibu. Chumba cha pacha kilikuwa kimepakwa rangi mpya kwa ajili yake, na wao wamehamishiwa sebuleni kwenye godoro. Mama Pacha, maana huyo mke wa Fundi kila mtu alimwita hivyo, alikuwa ametandika shuka lililopigwa pasi mpaka kwenye pembe.

Siku ya kwanza alisalimia, akala, akalala. Wenyeji wake hawakumuuliza kilichomleta, maana mgeni haulizwi. Siku ya pili alijiambia atasema wakati wa chakula cha jioni. Alijikaza kisabuni, akaweka kijiko chini, akakohoa kidogo. Fundi akamtangulia.

"Mama, unajua sisi tulikuwa tuhame?"

"Mhame? Kwenda wapi?"

"Kiwanda kilitoa nyumba kwa wafanyakazi wenye watoto. Vyumba vinne, chini kabisa, hakuna ngazi. Jina langu likatoka la kwanza. Basi wiki ileile ukapiga simu kwamba unakuja." Fundi alicheka, akageuka kumtazama mkewe. "Nikamwambia huyu, mama wa watu atoke kote huko kuja kutuona, akute tumefungasha? Atatuelewaje? Nikaenda nikarudisha funguo."

"Nilimnunia wiki nzima," alisema Mama Pacha. "Halafu nikaona kweli, ingekuwa aibu."

Sista alikunywa maji, akasema chakula kitamu, akauliza habari za shule ya pacha. Aliporudi chumbani alikaa kitandani na mkoba mapajani, akajichukia waziwazi, si kwa mafumbo. Alijiita mwongo. Kisha akamfikiria binti yake kwenye kile kiti cha mashine, mikono imejaa alama za sindano, akajiambia mwongo au si mwongo, kesho ndiyo tarehe ya mwisho.

Asubuhi pacha walikwenda shule. Fundi alikuwa ameomba ruhusa tena, safari hii ili ampeleke mama akaone hospitali yake ya zamani. Alikuwa ameshavaa koti.

"Vua koti, mwanangu, ukae," alisema Sista. "Na wewe Mama Pacha, acha vikombe, njoo."

Alianza vibaya. Alianzia kwa binti, maana ndiko moyo wake uliko. Aliwaambia juu ya figo, juu ya mashine, juu ya nafasi ya mwezi wa tisa. Walijua binti anaumwa, hawakujua kama ni kwa kiasi hicho. Mama Pacha aliteleza kwenye kochi akamsogelea, akamshika mkono.

"Kwa nini hukutuambia, mama? Mbona unabeba peke yako hivi? Mlete. Chumba ni hicho unacholalia. Tutabanana."

Afadhali angemtukana. Sista alisema, huku anatazama sakafu, kwamba binti hatakiwi kubanana na mtu, kwamba madaktari wamekataza watoto wa shule, kwamba sheria inadai miezi mitatu na leo ndiyo siku yenyewe. Akafungua mkoba akatoa karatasi, akaiweka mezani. Alihisi vidole vya Mama Pacha vikiuachia mkono wake, kimoja kimoja.

Fundi aliisoma karatasi yote. Kazi yake ni ya kutazama mishono, hasomi haraka.

"Hii umeiandika mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Kabla ya kunipigia simu kwamba unakuja kutusalimia?"

"Siku mbili kabla."

Fundi aliguna. Alivua koti sasa, taratibu, akalitundika kwenye kiti. "Ungeniambia siku ile, mama, leo tungekuwa kwenye ile nyumba ya kiwanda. Binti angepata hii, sisi tungepata ile. Hakuna ambaye angeumia."

"Sasa ile..."

"Waliichukua wengine siku ileile niliyorudisha funguo."

Sista alijitetea. "Niliona habari kama hii si ya kwenye simu. Niliona nije tutazamane ana kwa ana."

"Ilikuwa hiyo, au uliogopa ningekunyima barua?"

Sista angeweza kudanganya tena, na pengine Fundi angekubali, maana watu wanyoofu hupenda kuamini. "Yote mawili," alisema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu aliona hana haki ya kuhurumiwa.

"Barua ningekuandikia," alisema Fundi. "Ningekasirika, ningelala na hasira, halafu ningeamka nikakuandikia. Miaka sita hujanijua?"

Akachukua kalamu, akasaini. Akaandika tarehe chini yake, akairudisha. Kisha akakaa akiutazama mkoba.

"Na binti ataingiaje nchini? Wewe ni mgeni hapa, huwezi kumwalika mtu."

Sista aliuvuta mkoba karibu. Fomu ya kumwalika binti ilikuwa ndani yake, imejazwa tayari, imebaki nafasi ya mwenyeji tu. Alikuwa ameiweka humo nyumbani kabla ya kuondoka, akijiambia ataona itakavyokuwa. Sasa alitamani ateketee nayo.

"Iko humo?" aliuliza Fundi.

"Imo."

"Itoe. Maadamu bado ninaishi hapa, saini yangu inakubalika. Nikihama hutampata mwingine."

Alisaini na hiyo. Akavaa koti lake tena, akasema manispaa wanafunga saa sita na muhuri haujigongi wenyewe, akatoka. Hakumuaga mama. Sauti ya viatu vyake ilisikika kwenye ngazi kwa muda mrefu, ghorofa nne zote.

Mama Pacha alirudi kwenye vikombe. Sista alibaki kwenye kochi. Alitaka kwenda kusaidia, akaogopa; alitaka kuomba radhi, akaona radhi yenyewe itamtaka mwenzake ajibu kitu. Miezi mitatu, watoto wawili, mji ambao hupangi bila kufahamiana na mtu. Alilijua hilo kuliko yeyote, yeye ndiye aliyewahi kulala kwenye vitanda vya wenzake kwa zamu alipofika mara ya kwanza.

Simu ikalia. Ilikuwa ni binti yake, kutoka kwenye kiti cha mashine. Mlio wa mashine hiyo ulisikika nyuma.

"Mama, umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema uje."

Binti alianza kulia kwa furaha, akicheka katikati ya kulia, akisema alijua, alijua ni watu wazuri, alikuwa amehangaika bure wiki zote hizi. "Hao watu Mungu awabariki. Huyo dada yupo? Mpe simu nimshukuru."

"Ana kazi kidogo sasa hivi."

"Dakika moja tu, mama. Tafadhali."

Mama Pacha alikuwa ameshasikia, jiko na sebule vilikuwa kitu kimoja. Alifunga bomba, akafuta mikono kwenye gauni, akaja akanyoosha kiganja. Sista alimpa simu. Hakuwa na ujasiri wa kumtazama usoni.

"Haloo, mdogo wangu," alisema Mama Pacha, na sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Pole, pole sana. Usilie. La, hujatusumbua chochote. Wewe njoo upone. Maduka yapo chini hapo hapo, na majirani ni watu wa kusaidiana. Utapenda."

Alisikiliza kidogo, akaitikia mara mbili, akasema haya, kwaheri. Kisha aliiweka simu mezani, si mkononi mwa Sista, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.